Ofisi ya Siku Moja

Jumatatu, 3 Machi
Kikao tangu saa mbili hadi saa sita. Mkuu wa ofisi ametusomea waraka: utumishi wa umma unaboreshwa. Tena! Safari hii kila leseni ya biashara itoke ndani ya siku saba, na siku zinahesabiwa tangu fomu inapogongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Ijumaa ya tarehe 21 atakuja mtaalamu kutupima. Karani atakayeongoza atapandishwa cheo. Miaka kumi na minne niko Dirisha la Kwanza. Wamenipita hata niliowafundisha kushika muhuri. Nikasema moyoni, hii ni yangu.

Nimepiga hesabu. Wastani wangu ni siku ishirini na mbili. Jirani yangu wa Dirisha la Pili, ambaye ofisi nzima tunamwita Bi Kanuni, ana kumi na tisa. Kosa si letu. Afisa afya ndiye anayekagua vyumba vya biashara, ana pikipiki moja, na pikipiki yenyewe haina tairi la nyuma. Waraka haujagusa habari za tairi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeipata! Nikiwa napiga mswaki. Kama siku zinaanza na muhuri, basi dawa ni muhuri. Mwananchi alete fomu, niichukue kwa tabasamu, niiweke droo ya chini. Ikaguliwe, isainiwe, iive. Ndipo nigonge IMEPOKELEWA asubuhi na kutoa leseni mchana. Siku moja! Wala si uongo. Kushika karatasi na kuipokea ni vitu viwili.

Bi Kanuni ameniuliza mbona muhuri wangu hausikiki. Nikamwambia wino umekauka. Akaniazima wa kwake, kichupa kizima. Nikalazimika kushukuru.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ameleta fomu ya karakana ya ushonaji. Amepanga chumba, ana vyerehani viwili na wasichana wawili anaowafundisha. Shule ya jirani imemwahidi kazi ya kushona sare za wanafunzi wote, ila mwalimu mkuu anataka leseni, au walau karatasi ya kuonyesha kwamba maombi yamepokelewa. Mwisho ni tarehe 21, saa sita mchana. Alikuwa kwenye foleni ya Bi Kanuni. Nikamwita mbele za watu: njoo huku shemeji, wewe ni mtu wangu! Alifurahi mpaka akaona haya.

Akaomba ile karatasi. Karatasi haitoki bila muhuri, na muhuri ukigongwa siku zinaanza kukimbia. Nikamwambia aende akalale usingizi, jambo lake liko mikononi mwangu. Liko droo ya chini.

Alhamisi, 13 Machi
Jedwali limebandikwa ukutani. Mimi, siku moja: leseni mbili tu, za vyumba vya jirani ambavyo afisa afya alivifikia kwa miguu. Bi Kanuni, siku kumi na tisa. Mkuu amenipigia makofi mbele ya wafagizi na madereva. Bi Kanuni alisogea, akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaniambia hongera. Nilitafuta kejeli ndani ya hongera hiyo, sikuiona. Chai yote ikaniharibikia.

Droo ya chini imejaa, ya kati inajaa. Nimeomba kabati. Mkuu ameuliza la nini, wakati mimi ndiye karani nisiye na mafaili. Shemeji naye amekuja mara ya tatu. Nimempa kiti na maji ya kunywa. Akauliza kama fomu yake ina kasoro. Nikasema haina, fomu safi. Akauliza sasa tatizo ni nini. Nikasema ni utaratibu. Mtu akiambiwa utaratibu hunyamaza, naye alinyamaza.

Jumatano, 19 Machi
Mke wangu, huku anakunja nguo, ameniuliza kama muhuri ni mzito. Nikauliza muhuri upi. Akasema huo ambao mdogo wake anaufuata wiki ya pili sasa. Nikamweleza habari za wastani: nikimgongea leo na tairi halijapatikana, faili moja tu litanivurugia jedwali zima. Na cheo kikija kitamfaa nani kama si familia, shemeji akiwemo? Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja nguo. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, naogopa ukimya wake kuliko ugomvi.

Nimekaa peke yangu nikajiuliza: waraka ule ulitungwa ili afaidike nani? Si watu kama shemeji? Wao huko juu wanahesabu siku kwa sababu siku zinahesabika. Kutembea kwake kuja na kurudi hakuna safu kwenye jedwali. Basi. Ijumaa asubuhi na mapema namgongea, kabla mtaalamu hajafika. Nimeahidi.

Ijumaa, 21 Machi
Mtaalamu amefika saa mbili kasoro robo! Nani hufika ofisi ya umma saa mbili kasoro robo? Nikavutwa moja kwa moja chumba cha mikutano, funguo za droo mfukoni. Mlango ni wa kioo. Saa nne nikamwona shemeji kasimama upande wa pili, kavaa nguo yake ya kutokea. Nikampungia mkono: subiri kidogo. Mtaalamu akauliza yule ni nani. Nikasema ni mwananchi, amekuja kutoa shukrani. Mtaalamu akaandika.

Nafasi ya kutoka nilikuwa nayo. Hapo nisijidanganye. Mtaalamu alikwenda msalani dakika tano nzima, nami nikabaki kitini nikipanga maneno ya kusema kuhusu ubunifu. Saa tano nikamwona Bi Kanuni anavuta droo yangu, haifunguki. Nikageuza macho ukutani. Nilitoka saa saba na nusu. Shemeji hayupo. Bi Kanuni akaniambia alikuwa tayari kumgongea yeye, ila hakukuwa na fomu ya kugonga.

Nimeshinda. Tumetangazwa ofisi ya mfano.

Jumatano, 26 Machi
Tairi limepatikana. Nimemvisha afisa afya kilemba cha ukoka mpaka juzi akaenda kukagua chumba cha shemeji kabla ya vyote. Leo asubuhi nimegonga muhuri, mchana leseni hii hapa. Nikaipeleka mwenyewe, mbiombio. Nikamkuta fundi simu anapanga meza yake chumbani mle, na shemeji anafunga nyuzi kwenye boksi. Sare amepewa fundi mwingine, ambaye amemchukua shemeji amshonee vifungo. Wale wasichana wawili wamerudi kwao. Shemeji akaipokea leseni kwa mikono miwili, akaisoma yote, akaniuliza aibandike wapi. Nimeumia. Naandika hapa kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Mke wangu amehamia chumba cha watoto.

Faili lake limeingia kwenye jedwali kwa siku moja.

Jumanne, 1 Aprili
Cheo kimefika! Mimi sasa ni Msimamizi wa Malalamiko ya Wananchi. Chumba cha peke yangu, kiti kinachozunguka, na muhuri mpya. Waraka nao mpya: kila lalamiko lijibiwe ndani ya siku kumi na nne tangu kupokelewa.

La kwanza limeletwa na Bi Kanuni kwa mkono wake. Mwandiko wa shemeji, kurasa mbili. Hajanitukana popote. Ameorodhesha siku zote sita alizokuja, pamoja na saa. Anachoomba ni kuelezwa tu kwa nini fomu yake haikupokelewa. Nimelisoma mara mbili, machozi yakanilengalenga. Huyu anastahili jibu. Jibu la kweli, lililofikiriwa, si la kukurupuka. Nitaliandika taratibu, hata likinichukua mwaka. Na siku litakapokuwa tayari nitaligongea lalamiko lake muhuri asubuhi, nimjibu mchana. Wao wametoa siku kumi na nne. Mimi nitamhudumia kwa siku moja.