Nilivyousafisha Mwezi

Jumatatu, 6 Mei

Wateja leo: mmoja. Alitaka chenji. Siku hizi kila mtu ana simu, anajipiga mwenyewe, anajiona msanii. Mke wangu katoa hukumu: Mei ikiisha hivihivi, studio inafungwa, nami nikapime misumari dukani kwa kaka yake. Mimi! Miaka kumi na tisa ya picha za pasipoti! Hakuna chunusi iliyowahi kupita kwenye kompyuta yangu ikatoka hai.

Lakini Mungu si Athumani. Mchana kaingia mwalimu mkuu wa shule ya jirani, yule mama mwenye kovu refu shavuni. Anataka picha kubwa ya mwezi ya kubandika maabara, mashimo yote yaonekane. Atakayeleta nzuri zaidi Ijumaa atapewa kazi ya vitambulisho vya shule nzima. Watu mia sita! Kisha akavuka barabara kumwambia hayohayo Fleshi. Nilimfundisha mimi kushika kamera, leo ana studio yenye kiyoyozi. Shukrani ya punda ni mateke.

Jumanne, 7 Mei

Nimeazima darubini ya mjomba, fundi saa mstaafu. Kanionya nisiguse kioo kwa vidole. Nimekigusa.

Jua lilipozama nilikuwa juu ya paa. Mwezi nusu, umetulia. Nikaunga kamera na darubini kwa kopo la maziwa na plasta. Ufundi! Picha arobaini, zote zimetikisika. Chanzo nimekigundua: jirani wa chini anatwanga. Nimemfuata. Eti hana hata kinu, na mikono yake inauma. Wivu tu.

Mke wangu kasema kinachotikisa ni kidole changu, na kwamba kamera inaweza kujipiga yenyewe baada ya sekunde kumi. Nikamweleza kwa upole kuwa hii ni taaluma, si kuchemsha maji.

Jumatano, 8 Mei

Naam! Picha! Mashimo, milima, kila mlima na kivuli chake, unahesabu mpaka unachoka. Kaipiga nani? Haya, daftari hili halisomwi na mtu: nilikuwa chini nagombana na jirani, mke wangu akategesha zile sekunde zake kumi, akatoa mkono. Lakini aliyeazima darubini ni nani?

Kasema niipeleke hivyohivyo, nisiiguse. Nikasema sawa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeitazama vizuri kwenye kompyuta. Lo! Uso gani huu? Umpelekee mwalimu mkuu kitu chenye matundu hivi, halafu useme unajua kazi?

Nimeshinda hapa tangu asubuhi. Shimo moja baada ya jingine, nimeziba. Madoa nimeyang'arisha. Ile nusu ya giza nimeimalizia, maskini, ilikuwa imekatika. Nyuma nimeweka weupe, kama sheria ya pasipoti inavyotaka. Saa tisa mwezi ulikuwa kijana wa miaka ishirini. Nimelia kidogo.

Ijumaa, 10 Mei

Ofisini kwake, Fleshi naye yupo na picha yake, mwalimu mkuu kaikunjua yangu. Akaigeuza, kutazama kama picha iko upande wa pili. Akauliza mashimo yako wapi. Nikamjibu nimeyatibu yote, bure. Fleshi alicheka mpaka akashika ukuta. Yake ilikuwa ukungu mtupu, lakini ukungu wenyewe walau ulionekana.

Nikaiona ile misumari, kilo kwa kilo. Niliogopa, siwezi kusema uongo.

Mara akaingia mke wangu na bahasha. Picha ya Jumatano, mashimo yote yamo! Kumbe alitoa nakala siku ileile, kwa sababu ananijua. Miaka kumi na tano ya ndoa, mtu hakuamini! Mwalimu mkuu akapitisha kidole juu yake polepole. Akasema kila shimo ni pigo ambalo mwezi umelipata na haukulificha, na yeye pia hafichi lake. Akashika shavu.

Kazi tumepata. Yaani kapata mke wangu. Mkataba una jina lake.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeajiriwa na mke wangu. Nashika kitambaa cha nyuma, nachapa vitambulisho. Sharti ni moja: nisiguse uso wa mtu. Nimeapa. Na nikikosea, kaka yake keshaniwekea mizani.

Tumeanza na walimu. Mke wangu akaenda kununua wino, nikabaki na picha ya mwalimu mkuu. Lile kovu! Mama wa watu! Dakika nne tu. Kapendeza huyo! Nimekichapa kitambulisho, nimekitia plastiki, nimempelekea mwenyewe ofisini.

Kaniambia nisubiri nje. Naandika haya kwenye benchi. Yuko kwenye simu na mke wangu, sauti inazidi kupanda. Furaha hiyo.