Diriye bin Hashi na Bango Lililosimama Nyuma ya Nywele

Nyamazeni kidogo, enyi watu wenye masikio mema. Tueni vikombe, lazeni simu kifudifudi, na anayetafuna aache kutafuna, kwa maana habari ninayoitoa kifuani leo si ya bei ya mbuzi wala ya nani kamposa nani. Ni kisa cha vita vya Galbet, mtaa wa Garissa, vilivyopiganwa mwaka huu huu baada ya sala ya alasiri, juu ya mkeka wa plastiki, baina ya Diriye bin Hashi na ajuza mmoja asiyeshindika. Vita ambavyo haikumwagika damu, ila chai, tena kikombe kimoja tu. Maneno yao yalisemwa Kisomali, nami nimeyavika Kiswahili cha enzi, kwa sababu mambo makubwa hayatembei uchi.

Diriye huyu, ambaye kwa miaka thelathini aliendesha lori la maji na kuviokoa na kiu vijiji visivyohesabika, alipostaafu hakufuga ngamia kama wenziwe wala hakufungua duka. La hasha! Alijitawaza sultani wa sanduku la bati. Ndani yake zilikaa picha za zamani mia mbili na kumi na moja, na kila moja ilikuwa na bango. Alikuwa na bango la kinyozi lililochorwa kichwa chenye masikio matatu. Alikuwa na bango la duka la dawa la Ijara lililoning'inia kwa msumari mmoja, na lile la hoteli ya Hadado lililoendelea kutangaza NYAMA IPO miaka mingi baada ya mpishi kuhama. Alizipata kwa kubembeleza, kwa kubadilishana na fremu mpya, na kwa kukaa msibani hadi wenye msiba wakachoka naye, wakaleta albamu ili aondoke. Watu walimcheka. Hasna mkewe, mwanamke wa busara yenye makali, alikuwa akiwaambia wageni, “Wanaume wengine huleta mke wa pili. Wangu ameleta vibao.”

Lakini shujaa huyu alikuwa na jeraha. Hashi babake ndiye aliyekuwa mchoraji wa mabango wa mji mzima wa Garissa; hapakuwa na duka la chai, la nguo wala la mafuta ya taa ambalo halikupita chini ya brashi yake. Kisha mchwa wakala, jua likababua, wapangaji wapya wakapaka rangi juu, na yaliyosalia yakang'olewa yalipokuja mabango ya plastiki ya kuchapwa kwa mashine. Katika picha zote zile mia mbili na kumi na moja hapakuwa na hata moja yenye kazi ya mkono wa Hashi. Na jambo hilo lilimuuma Diriye kwelikweli, msilifanyie mzaha. Alikuwa ametimiza miaka hamsini na miwili, na herufi za babake, alizokuwa akiziona kila siku alipokuwa mdogo, zilianza kumtoka kichwani. Alikuwa akikaa peke yake akijaribu kukumbuka zilivyokuwa, asikumbuke.

Basi siku moja Hasna akarudi kutoka kwa bibi mmoja wa Galbet aitwaye Fatumo, alikokuwa amealikwa na wanawake wenzake kumtazama mjukuu mchanga. Hakuvua hata viatu. Akasimama mlangoni, akasema:

“Ewe Diriye, mfalme wa vumbi, inuka! Leo bibi Fatumo ametufungulia kisanduku chake, sisi wanawake, na katika picha ya ujana wake nimeliona bango la hoteli. Lina ngamia anayecheka. Na pembeni, chini, limeandikwa jina la baba yako.”

Diriye akainuka kwa kishindo hata kofia ikamdondoka.

“Keti,” akasema Hasna. “Hutaiona. Bibi amepigwa picha kichwa wazi.”

Hapo ndipo ukuta wa ngome ulipoonekana. Mwaka ule wa picha wasichana wa mji walikuwa wakichana nywele zao zikasimama pande zote kama kichaka, na Fatumo alikuwa na kichaka kuliko wote. Leo yu ajuza mcha Mungu wa miaka sabini na kitu, na mwanamume asiye maharimu wake hana ruhusa ya kuziona nywele hizo, ziwe za jana au za nusu karne iliyopita. Zifunikwe kwa karatasi? Hasna alikuwa amekwisha kulifikiria hilo. Nywele zilisimama mbele ya bango. Ukizifunika, umemfunika na ngamia, zikabaki kwato. Apige picha kwa simu, aikate? Bibi alikuwa amekwisha kuapa kwamba picha ikiingia kwenye simu itafika kwa jamaa wa Minneapolis, Marekani, kabla chai haijapoa.

Lakini Diriye, aliyewahi kulala siku tatu na lori lililonasa matopeni asiliache, hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Kesho yake alivaa kanzu, akajifukiza ubani, akamshika Hasna kama silaha ya akiba, akashuka Galbet.

Bibi Fatumo aliwapokea kwenye mkeka, kisanduku kikiwa nyuma ya mgongo wake. Baada ya salamu, ambazo zilikuwa ndefu, zikapita afya, mvua na mifugo, Diriye alifungua vita kwa silaha ya wazee wake. Alianza kuzitaja nasaba. Akataja baba, akataja babu, akapanda ukoo jina kwa jina pasipo kuvuta pumzi, jasho likimtoka, hadi alipomfikia babu wa kumi na nne, akapaza sauti:

“Na huyo, eeddo yangu, ndiye babu yako pia! Tumekutana! Sisi ni damu moja, basi nifungulie!”

Eeddo ndivyo mtu wa huko amwitavyo shangazi, na ajuza yeyote anayetaka kubembelezwa. Fatumo alimsikiliza hadi mwisho, akarekebisha majina mawili aliyoyakosea, kisha akajibu:

“Diriye mwana wa Hashi, umesoma vizuri. Lakini babu wa kumi na nne hafunui kichwa cha mwanamke. Kwa hesabu hiyo nusu ya Garissa ingekuwa imejaa chumbani kwangu. Kunywa chai.”

Diriye akanywa chai kama mtu anayekunywa kushindwa kwake. Akili yake ikazunguka huku na huko ikitafuta mlango. Nani, akajiuliza, nani mwingine anaruhusiwa kuziona nywele za mwanamke? Ndugu yake. Mwanawe. Mumewe. Na hapo, wasikilizaji wangu, bila kutazama kulia ambako Hasna alikuwa ameketi, shujaa wetu akayatamka maneno ambayo mtu mzima anayatamka mara moja tu maishani:

“Basi, eeddo, kama njia ni hiyo moja, mimi nakuoa.”

Kikombe kikamponyoka Hasna. Chai ikatapakaa mkekani. Hiyo ndiyo niliyowaambia.

“Astaghfirullah!” akanguruma Fatumo, akainuka nusu. “Waryaa, we mwanamume! Unaposa titi ulilonyonya? Mama yako, Mungu amrehemu, alipolazwa na homa wiki mbili, ni nani aliyekunyamazisha? Mimi nilikuwa na mtoto wangu kifuani, nikakuongeza na wewe. Mara nne nilikunyonyesha, Diriye! Mara nne, na ya nne uliniuma!”

Mamake Diriye alifariki yeye akiwa mdogo, na hakuna aliyewahi kumwambia jambo hilo. Lakini Hasna, ambaye sekunde chache kabla alikuwa akipima uzito wa birika mkononi, aliliweka chini taratibu. Kwani kila mwanamke wa huko anaijua sheria bila kufungua kitabu: mtoto akinyonyeshwa na mwanamke mara tano za kushiba, amekuwa mwanawe, hawezi kumuoa milele, na anaweza kumwona kichwa wazi kama mwana anavyomwona mama. Mara tano. Nne ni ukarimu tu.

“Labda ni tano,” akasema Hasna.

“Nne.”

“Eeddo, fikiri tena. Huyu mtu akifunga nia haachi. Wewe na mimi tutakuwa wake wenza.”

“Hata hivyo siwezi kumzulia Mungu ya tano,” akasema Fatumo, na macho yake yalionyesha kwamba angependa ingekuwepo.

Ndipo Hasna akasimama, akajitanda mtandio wake kama anayejifunga deraya, akatamka, “Siketi tena chini ya paa hili hadi nimeileta ya tano!” Akatoka. Hakwenda mbali. Katika nyumba ya jirani alikaa bibi Ramlo, mwenzake Fatumo tangu usichana, ajuza ambaye hakuwahi kusahau lolote, na aliyosamehe ni machache zaidi. Ramlo alipoletwa na kuingia na fimbo yake, hakungoja hata swali limalizike.

“Ya tano? Ya tano ninayo mimi,” akasema. “Hashi alikuja kwenye hoteli ile ya ngamia, tulikokuwa sisi, na huyu mtoto mgongoni, kwa sababu mkewe alikuwa hospitali na kazi haingoji. Akapanda ngazi kumalizia bango. Mtoto akalia hadi mkono wa baba ukatetemeka. Wewe Fatumo ukamchukua, ukaenda naye nyuma ya jiko, ukamnyonyesha hadi akalala. Mimi nikabaki kumshikia Hashi ngazi, nimevaa dirac yangu mpya, na rangi nyekundu ikanidondokea begani. Nguo ile haikutakata. Nimeililia miaka hamsini!”

Diriye akamgeukia Fatumo. Miaka yake yote, sanduku lake lote, sura ya mkono wa babake, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye kumbukumbu ya ajuza mmoja, naye hakuwa na la kufanya ila kuomba kimoyomoyo.

“Ni siku alipokuja mpiga picha,” akasema Fatumo polepole.

“Siku ile ile.”

“Wallahi. Nilichelewa kutoka jikoni, mpiga picha akakasirika. Mtoto alishiba akalala mdomo wazi.” Akamgeukia Diriye, akamtazama kama anayemwona sasa tu. “Nilisahau kwa sababu siku hiyo hukuuma.”

Akakivuta kisanduku, akakifungua, na bila neno lingine akamwekea picha kiganjani.

Na Diriye akaona! HOTELI YA SUBIRA. CHAI NA ANJERA. Aliona ngamia anayecheka akichungulia juu ya nywele, na ile R ya babake, yenye mguu mrefu ulionyooshwa kama mtu aliyekaa kupumzika. Zikamrudia zote, herufi moja baada ya nyingine. Mwanamume huyu aliyeshindana na matope ya jangwa akalia mbele ya wanawake watatu, na hakuna aliyemcheka, hata Hasna.

“Umeona?” akauliza Fatumo.

“Nimeona.”

“Umeona nini?”

“Bango.”

“Laa! Nimesimama mbele ya bango hilo nusu karne nzima, na tangu mume wangu afariki wewe ndiye mwanamume wa kwanza kuitazama picha hii, nawe unatazama ngamia.”

Diriye akateremsha macho. Chini ya bango alikuwa amesimama msichana, mrembo kweli, anayecheka kwa haraka kama aliyekuja mbio. Na begani, amesahau kukitoa, alikuwa na kitambaa cha mtoto. Diriye alikitazama kitambaa hicho muda mrefu kuliko alivyolitazama bango.

“Hooyo,” akasema. Yaani mama. Miaka arobaini na kitu hakuwa na mtu wa kumwita hivyo.

Basi na ijulikane kutoka Galbet hadi Hadado, na mwaka huu uitwe Mwaka wa Mara ya Tano: ngome ilifunguka, Hasna alinusurika na mke mwenza, na Ramlo akaahidiwa dirac mpya. Picha yenyewe haikutoka kisandukuni, wala Diriye hakuiomba. Alirudi nyumbani, akafungua daftari lake la picha, na chini ya ile ya mia mbili na kumi na moja akaandika kwa mwandiko wake bora: “212. Haimo sandukuni. Mama yangu amesimama mbele ya bango la baba yangu.”