Thelathini na Sita, Toa Mbili

Ukitoka Ndanai ukifuata barabara ya murram, ule udongo mwekundu, mpaka chai ianze kukubana pande zote mbili, utafika Kituo Namba Kumi na Saba. Ni banda moja la mabati lenye kazi mbili. Upande wa juu kuna mizani ya majani ya chai, upande wa chini kuna nasari ya Mwalimu Lenah, na katikati kuna benchi. Benchi hilo limejadili mambo mengi kuliko bunge lolote na halijawahi kulipwa marupurupu. Lori la majani huandikiwa saa tano. Huja saa nane. Hizo saa tatu lazima zifanyiwe kitu.

Alhamisi hiyo aliyefungua kikao ni Nyambeki, muuza chai na mandazi, ambaye hapo kijiweni anaitwa Redio kwa sababu hana kidude cha kuzima.

"Mmesikia? Nelvine yule wa Mathew, si anafanya na NGO? Wameenda kaunti kuomba serikali iweke pesa ya nasari kwa bajeti. Imetoka kwa WhatsApp ya wadi saa hii."

Kiptum akaweka kikombe chini. Yeye ni Bonasi, maana hata ukimsalimia juu ya mvua, atafika kwa bonasi ya majani, yale malipo ya mwisho wa mwaka, kabla hujajibu.

"Ngoja, Redio. NGO inaomba serikali pesa?"

"Ndiyo."

"Ara! Mimi nilijua NGO ndio hutoa pesa. Hiyo ni kama kijana anakuja kwangu kuposa msichana, halafu ananiuliza nitampa ng'ombe ngapi."

"Inaitwa lobi, mzee," akasema Chepyegon, akikunja miguu kama mtu aliye kwenye runinga. Huyo ni Mheshimiwa. Uchaguzi uliopita aliwania uwakilishi wadi akapata kura arobaini na moja, na boma lao lina wapiga kura arobaini na watatu.

"Lobi ndio nini?"

"Unachukua waheshimiwa unawaweka kwa hoteli, unawaonyesha picha za watoto. Siku ya kwanza wanakula. Siku ya pili wanakula. Siku ya tatu mmoja anakumbuka ako na mtoto."

"Na bonasi haiwezi kulobiwa?"

"Nilijua tu utafika huko!" Redio akapiga kofi.

"Lakini kweli," Bonasi akaendelea, "hii nasari ni ya nini? Mimi sikuenda nasari. Nilichunga ng'ombe mpaka nikaota meno ya pili."

"Na inaonekana," Redio akamjibu, akimwongezea chai.

Mwisho wa benchi, Obure alicheka kwa pua bila kuinua kichwa. Alikuwa anamfunga kiatu mjukuu wake, Nyakerario, wa miaka minne, na macho yake yalikuwa kwa watoto.

"Na wewe Mzee Toa Mbili, umenyamaza sana," Bonasi akamchokoza. "Ama leo hata maneno unatoa mbili?"

Jina hilo Obure hakulipenda, lakini lilikuwa lake. Alikuwa karani wa mizani hapo hapo kwa miaka ishirini na saba. Uweke gunia la kilo thelathini, Obure atasoma, "Thelathini, toa mbili, maji na gunia, ishirini na nane," na kuandika. Kiangazi, majani makavu mpaka yanalia, maji na gunia. Ulete majani kwa kikapu, bado gunia. Bonasi huapa kwamba kilo zake zilizopotelea hapo zingejaza malori matatu na trela, na bado zibaki za kutandika barabara mpaka Sotik.

"Hizo zilikuwa sheria za kazi," Obure akasema, kama alivyosema maelfu ya mara.

"Sheria iko wapi? Tuonyeshe karatasi!"

"Wacheni mzee wangu," Mheshimiwa akaingilia. "Hata mimi nilitolewa mbili kwa kura na sijalia."

Wakacheka mpaka Zack, karani wa sasa, akashindwa kusoma mizani.

"Lakini sijamaliza habari," Redio akasema. "Kaunti imekubali kwa mdomo. Inataka ihakikishe watoto wako. Kituo kikiwa na watoto thelathini na tano kwenda juu, kinaingia kwa bajeti. Darasa, mwalimu wa mshahara, uji. Chini ya hapo, hakuna. Na wanakuja leo."

"Ni kweli." Mwalimu Lenah alikuwa amesimama nyuma yao, chaki mkononi. Miaka miwili alikuwa amefundisha hapo kwa shukrani, mayai na sukuma wiki. "Na niwaambie wazee wangu, nisiwafiche. Siongiroi kuna shule inanitaka Jumatatu. Hii ikikataa, naenda. Nimechoka kulipwa mayai."

Redio akamimina chai mpaka ikafurika kikombe.

Obure akamtazama Nyakerario. Mama ya Nyakerario anachuma chai mashambani upande wa Kericho, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mtoto aliachwa kwa babu akiwa hasemi. Si kusema kidogo. Hakuwa anasema kabisa. Baada ya miezi mitatu kwa Lenah, siku moja njiani akafungua mdomo akasema, "Babu, viatu vyako vinanuka," na hajafunga tena mpaka leo. Obure hakuwahi kutukanwa vizuri namna hiyo.

"Hakuna mtu anaenda Siongiroi," akasema, akisimama. "Watoto ni thelathini na sita. Hesabu nimewafundisha mwenyewe, hapa, na mizani hii. Wacha waje. Watajihesabu mbele yao."

"Mzee, uko na uhakika?" Lenah akauliza.

"Mwalimu, hawa wanahesabu kunishinda!"

Gari jeupe likafika likiwa jekundu kwa vumbi. Akatoka Nelvine, amebeba mabango ya watoto wanaotabasamu, na nyuma yake afisa wa kaunti, mtu mwembamba mwenye faili nene. Afisa aliangalia watoto, akaangalia wakulima waliopanga foleni kwenye mizani, akaangalia watoto tena, kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani.

"Vichwa mimi sihesabu," akasema. "Vichwa vinaazimwa. Jana mahali fulani nimepewa watoto hamsini. Nimesahau kalamu, nikarudi kuichukua, nikapata wamebaki kumi na wawili, wengine wanarudishwa kwa mama zao na pikipiki. Mimi nauliza mtoto mwenyewe. Mtoto hana siasa."

"Waulize!" Obure akasema, kifua mbele.

Watoto wakapanga mstari. Moja, mbili, tatu, sauti zikipanda mpaka mabati yakaitikia. Nyakerario, wa mwisho, akaruka juu: "Thelathini na sita!" Wakulima wakapiga makofi. Nelvine akafuta jicho.

"Vizuri sana," afisa akasema. "Kwa hivyo mko wangapi?"

Na watoto wote, kwa sauti moja, kama walivyofundishwa:

"Thelathini na sita! Toa mbili! Thelathini na nne!"

Hapo hata ng'ombe wa jirani aliacha kutafuna. Zack akashika mizani isitikisike. Afisa akaandika kitu kwa faili.

"Thelathini na nne," akasema. "Nilijua. Wawili ni hewa."

"Hapana, mkubwa!" Lenah akalia. "Wako wote! Kila siku!"

"Mwalimu, watoto wamesema. Mbili zinatolewa. Mimi nataka tu mtu aniambie, zinatolewa kwa nini?"

Macho yote yakamgeukia Obure. Si ya afisa peke yake. Wakulima walisimama, magunia mgongoni, wakanyoosha shingo. Bonasi aliweka gunia lake chini polepole, kama mtu kanisani. Miaka ishirini na saba walikuwa wameuliza swali hilo hilo.

"Ni ya maji na gunia," Obure akasema, sauti ikiwa ndogo.

"Mtoto ana gunia gani?"

"Hana."

"Ana maji?"

Obure akamwangalia Nyakerario, aliyekuwa anampungia mkono, anangojea kusifiwa.

"Hakuna maji," akasema.

"Sema kwa nguvu," Bonasi akaomba, taratibu kabisa.

"Hakuna maji! Hakuna gunia!" Obure akapaza sauti. "Nilipoajiriwa nilimkuta karani mwingine anatoa mbili, nikatoa. Sikuuliza. Mimi mwenyewe sijui ni za nini mpaka leo! Watoto wameiga ujinga wangu. Wako thelathini na sita, mkubwa, kamili, usitoe kitu!"

Afisa akarudi kwa faili. Akakata ile nne, akaandika sita, akapiga muhuri papo hapo juu ya mgongo wa Mheshimiwa, ambaye alijiona ameingia serikalini hatimaye. Nelvine akasema bado bajeti lazima ipitishwe na waheshimiwa. Lenah akasema basi Siongiroi ingojee mpaka bajeti isomwe, na Redio akamimina chai kwa kila mtu bila kuuliza nani analipa, jambo ambalo halijawahi kuonekana Ndanai nzima.

Lakini Bonasi hakuwa na haja na chai.

"Zack!" akaita. "Leta daftari! Leta mafaili yote tangu mwaka wa tisini na tano! Toa Mbili amekubali mbele ya serikali! Kiko wapi hicho kizee?"

Obure alikuwa ameshamshika Nyakerario mkono, wameingia katikati ya mistari ya chai kwa njia ya nyuma, ameinama mpaka goti linagusa kidevu. Nyuma yao sauti zilikuwa zinaongezeka, na si ya Bonasi peke yake.

"Babu," Nyakerario akasema, "sisi tuko wawili."

"Ssss. Ndiyo."

Mtoto akafikiri, vidole viwili juu.

"Wawili, toa mbili." Akakunja vidole. "Babu, hapa hakuna mtu."

"Umepata mia kwa mia," Obure akanong'ona, akainama chini zaidi.