Sampuli Namba Tisa

Mamlaka ya Ukaguzi wa Maungio ya Vyuma ilitangaza, kwa furaha kubwa na kwa herufi kubwa zaidi, kwamba kuanzia mwezi wa kwanza hakuna chuma kitakachochomelewa na chuma kingine popote nchini bila kuwepo mkaguzi mwenye cheti. Vyuma vilivyokwisha kuungana kabla ya tangazo vilisamehewa. Karakana isiyo na mkaguzi ingefungwa kwa kamba, kwa kuwa minyororo ya Mamlaka ilikuwa bado haijakaguliwa.

Nakala moja ya tangazo ilibandikwa kwenye geti la karakana ya Fundi. Fundi alikuwa na miaka thelathini kazini. Vitanda vya hospitali, madawati ya shule, mnara wa tangi la maji, vyote vilipita mikononi mwake na hakuna hata kimoja kilichoanguka. Mamlaka ilikiri hivyo kwa maandishi, ikaongeza kwamba kutoanguka si ushahidi.

Tatizo ni kwamba Fundi alikuwa amefanya mtihani wa ukaguzi mara tano na kufeli mara tano.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa haki kabisa. Mtahiniwa aliwekewa mezani sampuli kumi na mbili za maungio, za plastiki, maana chuma halisi hushika kutu na Mamlaka isingependa kuonekana na kutu. Akapewa rula, kioo cha kukuzia na dakika tano kwa kila sampuli, aandike “inafaa” au “haifai”. Sampuli namba tisa ilikuwa ya lazima: ukiikosa hiyo, umefeli zote. Na namba tisa ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole, ambao hata mtu aliyesahau miwani nyumbani angeuona. Kitabu cha Majibu Sahihi, kilichoandikwa miaka kumi na mitano iliyopita, kilisema: namba tisa, inafaa.

“Nilikata rufaa,” Fundi alimsimulia binti yake. “Wakanijibu kwamba kitabu hakina ufa.”

Binti huyo wateja walimwita Cheche, kwa sababu alianza kutambaa humo humo karakanani. Alikuwa na miaka minne ya kazi na mkono mtulivu kuliko wa baba yake, ingawa hilo baba hakulisema mbele za watu. Ikaamuliwa nyumbani kwamba safari hii ataingia yeye. Kila mchana, wengine wakila, yeye alikuwa kwenye kitabu cha kanuni chenye kurasa mia sita, na mama yake alimsikiliza huku akikunja nguo.

“Taja kasoro saba za maungio,” mama alisoma.

Cheche akataja sita.

“Bado moja.”

“Ipi, mama?”

“Mimi ndiye nikuulize wewe! Hapa zimeandikwa saba, tafuta ya saba.”

Asubuhi ya mtihani baba alimsindikiza hadi barabarani. Alisimama, akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

“Mwanangu, ukifika namba tisa, andika inafaa.”

“Baba, si wewe uliyenifundisha kwamba ufa hauna mjadala?”

“Hauna. Na karakana inafungwa wiki ijayo. Andika inafaa.”

Hakumtazama usoni aliposema hivyo. Cheche aliona aibu kwa niaba yake, kisha akaona aibu kwa kuona aibu, akaenda.

Aliandika inafaa. Akapata kumi na mbili kwa kumi na mbili, na Mkurugenzi wa Mamlaka, mwenye Cheti Namba Moja, akamkabidhi cheti kwa mkono wake. “Hongera, binti,” alisema. “Jicho lako linaona kile ambacho Mamlaka inaona.”

Nyuma ya cheti, kwa herufi ndogo kama chawa, palikuwa na sharti moja. Mwenye cheti angeruhusiwa kukagua vyuma halisi baada ya kutimiza miaka kumi ya kufanya kazi na vyuma halisi. Kwa sasa akague sampuli. Cheche alikuwa na minne. Wenye kumi na zaidi walikuwepo tele mjini, ila wote walikuwa wamefeli namba tisa. Mamlaka ilikuwa imelichunguza jambo hilo kwa kina na kubaini kwamba uzoefu unaharibu macho.

Basi kamba ikafungwa. Fundi akaomba kibali cha kukaa kwenye kigoda nje ya karakana yake mwenyewe, akapewa, cha miezi mitatu.

Cheche akaanza kuzunguka na bahasha. Kiwanda cha matangi kilimuuliza kama anaweza kukagua tangi. Akasema kwa mujibu wa cheti, hapana, labda wawe na tangi la plastiki la kufanyia mtihani. Kwenye kampuni ya madaraja alipokewa na katibu aliyekuwa akikata kucha.

“Cheti unacho?”

“Ninacho.”

“Uzoefu?”

“Miaka minne.”

“Bosi anataka mtu mwenye vyote viwili, cheti na miaka kumi.”

“Hajampata?”

“Dada, hilo tangazo la kazi lina miaka sita ukutani. Tumelipigia rangi mara mbili.”

Nchi nzima sampuli za plastiki zilikuwa mahali pamoja tu, na huko ndiko alikoajiriwa: Mkaguzi wa Sampuli, Daraja la Pili, katika Mamlaka yenyewe. Kazi ilikuwa kupangusa sampuli vumbi kila Jumatatu, na mara moja kwa mwaka kutia saini fomu kwamba zote kumi na mbili ni nzima. Kabla yake fomu hiyo ilisainiwa na fundi bomba aliyekuwa akipita. Alipewa kiti cha kuzunguka. Mshahara wake ndio uliokuwa ukiwasha jiko la nyumbani, na baba, akirudi kutoka kigodani, hakumuuliza kitu chochote kuhusu kazi.

Siku ya fomu ikafika. Mkurugenzi alikuja mwenyewe pamoja na karani wake, mzee mmoja mpole aliyeipenda kanuni kama wengine wanavyopenda wajukuu.

“Saini hapa, binti. Zote kumi na mbili.”

“Kumi na moja nimeshazikagua, mheshimiwa. Imebaki namba tisa.”

“Si uliikagua kwenye mtihani?”

“Kule niliijibu. Sikuikagua.”

Akachukua kioo cha kukuzia, ingawa hakikuhitajika. Aliwaza jiko la nyumbani. Aliwaza baba yake, mtu wa miaka thelathini kazini, akirudi mara tano na karatasi inayosema hajui ufa ni nini, halafu mara ya sita akilazimika kumfundisha mtoto wake kusema uongo. Hasira zikampanda mpaka masikioni. Akaandika: *Namba tisa ina ufa. Haifai.* Akapiga muhuri.

Mkurugenzi akacheka, kama mkubwa anavyocheka akisubiri wadogo wafuate. Karani hakufuata. Alikuwa ameshafungua kitabu.

“Kanuni ya kumi na nne,” alisoma. “Yeyote aliyepitisha kiungo chenye ufa kuwa kinafaa, cheti chake kinafutika siku ufa utakapothibitishwa, bila kujali cheo.”

“‘Bila kujali cheo’ aliandika nani?”

“Wewe, mheshimiwa. Ulisema yananogesha.”

“Basi ripoti itenguliwe!”

“Hutenguliwa na mkaguzi mwenye cheti.”

“Tunao wangapi?”

Karani akapiga hesabu kwa vidole, kwa heshima. “Hadi saa nne kasoro robo, mia mbili na kumi. Sasa hivi hakuna.”

“Na changu kimo humo,” Cheche alisema. Akasimama kutoka kwenye kiti cha kuzunguka, maana hakikuwa chake tena.

Karani, ambaye hakuweza kuacha kanuni nusu, alishuka stoo akarudi na majalada ya waliofeli. Arobaini na mmoja walikuwa wamefeli kwa namba tisa peke yake. Kufikia adhuhuri wote walikuwa wakaguzi kamili, kila mmoja na miaka kumi na zaidi ya vyuma halisi. Fundi alionekana kuwa amefaulu mara tano. Mamlaka ilimtolea cheti kimoja na kumsihi asidai vinne vilivyobaki.

Cheche alikimbia nacho hadi kigodani.

“Baba, umefaulu!”

“Lini?”

“Mara zote.”

Fundi alikisoma mbele na nyuma. Kisha akavua kofia, akalia wazi wazi barabarani, na hakuna mpita njia aliyethubutu kumwuliza kibali.

Ikabaki kiti cha Mkurugenzi, ambacho kisheria hakikaliwi bila cheti. Akapewa wiki mbili ajiandae, na msimamizi wa mtihani akapangwa kuwa Fundi. Fundi hakubadili sampuli hata moja. Aliongeza swali dogo tu chini ya kila karatasi: *Kama haifai, taja chanzo cha kasoro.*

Cheche, aliyekuwa akirudia mtihani meza ya pili, alimaliza mapema akabaki akimtazama jirani yake. Kwenye namba tisa Mkurugenzi alikwama. Aliandika, akafuta. Alilegeza tai. Akiacha wazi, amefeli, na kiti kimekwenda. Mwishowe akainama, akaandika ukurasa mzima bila kupumzika.

Fundi aliusoma kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka.

“‘Ina ufa. Siku ya uzinduzi niliiinua juu ili wapiga picha waione vizuri, ikaniponyoka. Nikairudisha sandukuni, nikaagiza kitabu kiandikwe inafaa.’”

Fundi akaweka alama ya vema.

“Alama zote,” Fundi alisema. “Chanzo hiki hakuna mtahiniwa aliyewahi kukieleza vizuri hivi.”

Karani akapiga muhuri cheti. Akageuza ukurasa, akapata kanuni ya anayeharibu mali ya Mamlaka na kukiri kwa maandishi, akapiga muhuri wa pili kwenye barua ya kufukuzwa kazi. Akamkabidhi vyote kwa mikono miwili.

Nje, aliyekuwa Mkurugenzi aliwasubiri baba na binti yake chini ya ngazi.

“Fundi, sasa nitapata kazi wapi mimi?”

“Umewahi kuchomelea?”

“Hapana.”

“Kushika grenda ya kusagia vyuma?”

“Hapana.”

“Kubeba kitu chochote cha kazi?”

Aliyekuwa Mkurugenzi akafikiri sana. “Ile namba tisa.”

“Njoo Jumatatu, saa moja asubuhi,” Fundi alisema. “Binti yangu atakuanzisha na vitu visivyovunjika.”