Kunguru Waliosusa Shule Yangu

Jumatatu, 5 Agrahayan 1289, kalenda ya Kibengali
Barua ya Mkaguzi imefika. Ni Sahib mpya, Mwingereza ambaye hajamaliza hata miezi mitatu Bengal; atapita Alhamisi. Shule mbili kwa vijiji viwili vinavyotenganishwa na mfereji ni nyingi mno. Itabaki yenye wanafunzi wengi. Yangu, au ya Trailokya wa ng'ambo. Waliokuja kwangu leo: tisa. Ni mavuno, wote wako mashambani. Trailokya alipita akauliza, kwa upole wa kuudhi, kama watoto wangu wanaumwa. Nimefundisha hapa miaka ishirini na saba, tangu mto ulipomeza kijiji chetu, pamoja na kisima na shule ya baba. Sihami tena.

Jumanne
Mpunga wangu nao umeiva, na kunguru wanaula. Nimetundika kunguru mfu kwenye mwanzi katikati ya shamba, hatua ishirini kutoka shuleni. Kufikia adhuhuri hakuna hata mmoja angani. Mkulima aliyesoma ni mtu mwingine kabisa.
Nikatangaza somo la vipimo: kila mwanafunzi aje na mundu, tupime shamba langu huku tukikata. Mjane Khantamani alikuja badala ya mwanawe. "Mwalimu, kukata mpunga mwanangu anajua. Nilimleta kwako ajifunze asiyoyajua. Au na wewe huyajui?" Wanawake kisimani wakacheka. Nikajifanya nachonga kalamu.

Jumatano
Nimepata wazo. Sikukuu ya mchele mpya tutaifanyia shuleni, kesho hiyo hiyo. Mchele wangu wa kwanza, maziwa, nazi, sukari guru. Nani atakosa? Mke wangu Digambari aliuliza nani atakuna nazi kumi na mbili. Nikamweleza umuhimu wa elimu. "Sawa, Baba Haran," akasema. "Basi elimu ije ikalie mbuzi."
Nimekuna mwenyewe. Vidole vinne vina majeraha.

Alhamisi
Walifika thelathini na wanne kabla jua halijapanda. Wengine sijawahi kuwaona. Niliwapanga kwa urefu. Lakini mchele mpya hauliwi mpaka kunguru aonje fungu la wazee waliotangulia. Nikaliweka fungu kwenye jani la mgomba. Tukangoja. Nikawaita kunguru. Watoto wakaita pia, thelathini na wanne kwa pamoja. Anga tupu. Khantamani akanyoosha kidole kuelekea shambani kwangu. Nilikimbia kumshusha yule mfu. Hakuna aliyerudi.
Ndipo msichana mmoja akasema kunguru wote wamekaa juu ya paa la Mwalimu Trailokya. Nikaamuru watu wakae. Wakainuka. Wakubwa wawili wakabeba chungu cha wali wa maziwa, mmoja akabeba fungu la wazee, wakavuka daraja la mwanzi.
Sahib alinikuta na Digambari. Kwa Trailokya alikuta hamsini na mmoja, wamekaa mistari, wanakula kwa adabu.

Jumamosi
Shule yangu imefungwa. Trailokya alikuja mwenyewe. "Kaka Umacharan, huwezi kukaa bure. Njoo kwangu uwafundishe wadogo hesabu." Alileta na bakuli la wali wa maziwa. Ni mchele wangu. Nilikubali kazi kwa heshima kubwa, nikala, kisha nikafikiri.
Mwezi wa Magh, miezi miwili ijayo, kuna sikukuu ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Siku hiyo vitabu vyote huwekwa miguuni pake na hakuna anayesoma hata herufi moja. Sahib hajui hilo. Nimemwandikia, bila kutaja jina langu, aende kwa Trailokya siku hiyo, ghafla. Akikuta shule nzima haisomi, ataifunga papo hapo.
Barua imeondoka asubuhi. Jioni nimehamishia mkeka wangu kwa Trailokya. Nimechagua mahali pazuri, karibu na mlango, penye upepo, pa kufundishia kwa miaka yangu yote iliyobaki.