Mkataba wa Watu Wote Haumtoshi Mwanangu

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Mikataba ya Ujenzi.

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu za mzee mwenzio kwa umri, kama si kwa cheo. Mimi ndiye mama mzazi wa fundi ambaye mtaa mzima unamwita Timazi, kwa jinsi kuta zake zinavyonyooka. Shule niliishia darasa la saba, lakini kusoma nasoma, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mwanangu amepata kazi yake ya kwanza kubwa: wodi ya wazazi ya zahanati yetu. Akaniletea mkataba wenu uliochapwa tayari, ule wanaousaini makandarasi wote, nitie sahihi ya ushahidi. Akanionyesha mstari wangu, chini kabisa. Mimi sishuhudii nisichokisoma. Nikasoma kurasa zote arobaini, kalamu mkononi. Sasa msanifu majengo anayeisimamia kazi hiyo ameurudisha, anasema fomu hii haichorwichorwi, na nakala safi isipofika Ijumaa kazi anapewa fundi wa mtaa wa pili, mtu anayeweza kusaini hata karatasi ya kufungia sabuni. Tangu jana mwanangu ananijibu "sawa, mama" tu, na hiyo sawa yake naijua.

Kwa hiyo nalalamika:

1. Jina lake mmelitaja mara moja, kwenye vidoti, kisha kurasa zote zilizobaki ni "Mkandarasi" hivi, "Mkandarasi" vile. Sikubeba mimba miezi tisa nizae Mkandarasi. Nilikata kila mahali nikaandika Timazi, wino ukaniishia ukurasa wa kumi na tisa.

2. Mmempangia adhabu ya kuchelewa kabla hata hamjaonana naye. Mtoto huyu alizaliwa wiki mbili kabla ya siku yake, mkunga hata maji hajachemsha! Pembeni nikaandika: "Hachelewi. Kifungu hiki apewe mwingine."

3. Eti akishakabidhi jengo, kwa miezi sita aitwe kurekebisha kasoro. Kasoro zipi? Mwanangu akipiga lipu, inzi anateleza. Ufa ukionekana, aitwe aliyeiumba ardhi.

4. Mmeorodhesha yanayoweza kusimamisha kazi bila lawama: mafuriko, vita, tetemeko. Mama hayumo. Niliongeza: mama kuugua, mama kutaka kupelekwa kliniki, mama kumkumbuka tu mwanawe.

5. Ugomvi ukitokea, mnaleta msuluhishi msiyemjua wala asiyewajua. Mimi nimelea watoto sita kwa blanketi mbili, na hakuna hukumu yangu iliyokatiwa rufaa. Nikajaza jina langu. Msanifu akasema msuluhishi hatakiwi kuegemea upande. Kijana wa watu, hana mtoto bado, nikamsamehe.

Naomba basi mumchapie mwanangu mkataba wake peke yake. Ukurasa mmoja unatosha: "Timazi anajenga. Mwacheni." Na kama ni lazima fomu iwe moja kwa wote, kwani sheria ni msumeno, basi iwe hiyo ya Timazi, na makandarasi wengine wajipime humo. Watakaopwaya ndio mtakuwa mmewajua, na Kamati itapata muda wa kupumzika.

Nasubiri jibu kabla ya Ijumaa. Nisalimie makarani wote, mpiga mihuri, na hasa mama yako mzazi; msomee barua hii, yeye atanielewa mara moja.

Ni mimi, nisiye na neno baya na mtu,
Mama Timazi.

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta bahasha mvua ilianza, ikabidi nikimbie kufunika sufuria. Mwanangu ananijengea jiko, huu mwaka wa tatu, bila karatasi yoyote, mapenzi matupu. Paa bado. Ukuta mmoja umeuegemea wa jirani, na jirani ameanza kukohoa kila nikipita. Tafadhali nitumie fomu mbili safi. Ya kwanza ni ya wodi: nitasaini mstari wangu tu, kisha kalamu nitampa mwanangu aishike. Ya pili ni ya jiko. Hiyo msipunguze hata nukta, hasa pale pa kuchelewa na pale pa kasoro. Na msuluhishi awe mtu baki kabisa, maana mimi, mwanangu akinikumbatia tu, kesi imekwisha.