Salamu za Birmingham Kwenye Harusi ya Watu

Ndugu zangu wa kanisa letu la Aston, leo nimeaibika. Si ile aibu yangu ya kila siku ya ukondakta, ya kumdai nauli abiria aliyekwisha kulipa (hiyo nimeizoea, na abiria wa Perry Barr wamenizoea). Hii ni aibu ya kanisa zima kugeuka. Nawaandikia kutoka nyumba ya wageni huku Ayalandi, nimevaa sweta ya mwenye nyumba, na Mama Neema anacheka kitandani tangu tulipomaliza kula. Kila nikidhani amenyamaza, anaanza upya.

Mnajua tulivyoipata likizo hii. Wauguzi wenzake Mama Neema, nusu yao Waayalandi, wamemwimbia muda mrefu: nendeni mkaone kwetu, ni kijani kitupu. Hawakumwambia kwa nini ni kijani. Mimi nimeijua sababu asubuhi ya leo nilipofungua pazia.

"Baba Neema, vaa koti tutoke," akasema.

"Na hii mvua?"

"Niko off wiki moja tu. Kama mvua ya Birmingham haijaniua, hii itanifanya nini?"

Tukatoka.

Kwanza tukaenda kuona genge maarufu linalotazama bahari. Tukaona ukungu. Tulisimama ukingoni pamoja na watalii wengine, wote tukiutazama ukungu kwa heshima. Mzee mmoja akatuonyesha kwa kidole: bahari iko pale. Tukamshukuru. Mama Neema akanipiga picha, na ikisafishwa mtaona kofia.

Halafu ngome. Ngome ile ina kuta nne na haina paa. Nikauliza paa limeenda wapi, nikaambiwa lilianguka zamani sana. (Mvua inanyesha ndani sawa na nje, na bado watu wanakuja kuitembelea.) Hapo ndipo upepo ulipoupindua mwavuli wetu, tukabaki na fimbo na vyuma. Yalikuwa yamebaki maporomoko ya maji, lakini hayo tuliyaacha bila hata kujadiliana. Maji ya kuanguka tulikuwa nayo ya kutosha.

Tukiwa tunarudi, tumelowa mpaka ndani ya mifuko, tukaona kanisa dogo la mawe, mlango wazi, kinanda kinalia. Mama Neema akanivuta. Mlangoni kulikuwa na kijana mwenye ua kifuani.

"Upande wa bibi harusi au wa bwana harusi?" akauliza.

"Sisi ni wapita njia," Mama Neema akamjibu. "Tunaomba kujikinga mvua tu."

"Basi kaeni nyuma kule, upande wa bwana harusi. Kuna nafasi."

Watu wema kweli. Tukakaa benchi la mwisho, na chini ya benchi lile, sikieni, linapita bomba la joto. Nikavua viatu. Nikavua na soksi, nikazitandaza juu ya bomba. Kinanda kikaendelea, joto likapanda miguuni, likafika magotini. Usiku wa kuamkia jana nilikuwa nimeumaliza melini nikitapika. Mnaelewa. Nililala.

Sasa nisaidieni kukumbuka ibada yetu ilivyo. Matangazo yakiisha, kiongozi hunyamaza, huwatazama watu, na wageni husimama mmoja mmoja, waseme majina yao, wametoka wapi, na wametuletea salamu gani. Nanyi mnajua udhaifu wangu: tukitembelea makanisa mengine, mimi hupitiwa na usingizi kwenye matangazo. Kwa hiyo zamu yetu ikifika, Mama Neema hunifinya paja. Amenifinya hivyo tangu tuoane. Nikifinywa, nasimama.

Leo amenifinya kwa sababu nilikuwa nakoroma.

Nikafumbua macho. Kanisa lote kimya. Kasisi amenyamaza, anawatazama watu. Nisichokijua ni kwamba punde tu alikuwa amemaliza kuuliza lile swali: kama kuna mtu anayejua sababu ya kuwazuia hawa wawili wasioane, aseme sasa, la sivyo anyamaze milele.

Nikasimama.

"Nina neno," nikasema.

Sauti yenyewe mnaijua. Ni sauti ya kuita vituo mpaka mtu wa orofa ya juu ya basi asikie. Vichwa vyote vikageuka kwa pamoja, na kofia zote za kina mama.

"Wewe una neno?" kasisi akauliza taratibu.

"Ndiyo, Baba. Si refu."

Mama Neema akanivuta koti. Nikadhani ananikumbusha vifungo, nikavifunga.

"Mimi na mke wangu huyu," nikaendelea, "tumetoka Birmingham."

Mnong'ono ukatembea kutoka benchi la mbele mpaka la nyuma. Nikaona wamefurahi kusikia tumetoka mbali. Ningejuaje kwamba bwana harusi amerudi juzijuzi tu baada ya miaka kadhaa ya kujenga nyumba huko kwetu Shard End? Na ningejuaje kwamba mama mkwe wake alikuwa na maswali mengi kuhusu miaka hiyo? Bwana harusi ni kijana mwekundu wa uso, lakini wakati ule wekundu wote ulikuwa umemtoka.

"Nimeleta salamu," nikasema.

"Salamu za nani?"

Aliyeuliza ni bibi harusi mwenyewe, amefunua shela. Nikafurahi sana. Kwetu sijawahi kuona bibi harusi anayejali wageni namna ile.

"Za wote," nikamjibu. "Lakini hasa kina mama. Kina mama wa Aston wanamsalimu sana bwana harusi. Na watoto wao pia."

Mama mkwe akakaa kama gunia lililodondoshwa. Kasisi akafunga kitabu.

"Simjui mtu huyu," bwana harusi akasema. "Mary, naapa, simjui."

Nikaona ni kijana asiye na adabu, lakini nikajizuia. Nikamwambia kwa upole: "Hunijui, mwanangu, lakini tunakuombea."

Bibi harusi akauachia mkono wake.

Hapo ndipo usingizi uliponitoka wote. Nikaona maua. Nikaona kitabu kimefungwa. Nikaona kaka zake bibi harusi, watatu, wakinyanyuka kwenye benchi la mbele, na nikaelewa nimesimama wakati gani. Nikajaribu kusema kitu, sauti ikagoma. Sauti ile ile. Niliogopa, nisiwafiche. Binti wa watu alikuwa ameanza kulia, na mimi ndiye niliyemliza.

Basi Mama Neema akasimama. Mnamjua akisimama wodini.

"Jamani, kaeni chini," akasema, nao wakakaa, hata kasisi nusura akae. "Huyu mume wangu alikuwa amelala. Kwetu mgeni kanisani husimama akaleta salamu, na mimi ndiye humwamsha. Nilimfinya anyamaze, yeye akasimama. Hatumjui bwana harusi. Hatujawahi kumwona. Tuliingia kujikinga mvua. Kama hamniamini, itazameni miguu yake."

Kanisa zima likaitazama miguu yangu. Ilikuwa mitupu, ina matope ya ngome, na inatoa mvuke.

Bibi harusi naye akaitazama kwa muda mrefu. Akamtazama bwana harusi, akairudia miguu. Halafu shela likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, anacheka huku machozi bado yako shavuni, na kanisa lote likamfuata. Mama mkwe ndiye aliyechelewa.

Kasisi akafungua kitabu na kuuliza swali lile upya, maana lazima liulizwe. Safari hii alinitazama mimi peke yangu. Mama Neema alikuwa ameniziba mdomo kwa kiganja.

Wakafunga ndoa. Na hawakutuacha tuondoke, wakatupeleka karamuni, wakatukausha, wakatulisha nyama na viazi na keki. Watu wakapanga foleni kunishika mkono. "Kina mama wa Aston hawajambo?" Kila mmoja, hata watoto. Kaka watatu wakanibeba begani kuzunguka ukumbi, nikiwa bado miguu mitupu, maana soksi zilikuwa zimeungua kwenye bomba.

Mwishoni bwana harusi akaja, akanishika kiwiko na kunisogeza kando, karibu na makoti. Wekundu ulikuwa umemtoka tena usoni.

"Niambie ukweli, kaka," akanong'ona. "Ni Sheila aliyekutuma?"

"Mimi simjui Sheila yeyote," nikamwambia, na ni kweli simjui.

Akashusha pumzi ndefu, akaniongezea keki.

Haya. Mkicheka, chekeni taratibu, majirani wasisikie. Na kama mmoja wenu hapo Birmingham anamfahamu Sheila, mwambieni asisumbuke na nauli ya meli, wameshaoana.